Mujerumani Wetu Amefia Kitandani

Juzi nilipata habari kwamba mwalimu wa jiografia tuliyemwita Mujerumani amefariki usingizini, nyumbani kwake Kavimvira, mjini Uvira kando ya ziwa, akiwa mzee kabisa. Msinishangae, wasomaji wangu: nilishusha pumzi. Nikamshukuru Mungu kwa sauti, hata mke wangu akauliza nani amejifungua.

Hakuwa Mjerumani hata kidogo. Alizaliwa Rurambo, kwa wafugaji. Jina alipewa na wanafunzi kwa sababu hakuchoka kuwasimulia maisha ya mwanajiolojia mmoja wa Ujerumani wa karne ya kumi na tisa: jinsi alivyoanzia migodini, akapanda milima na nyundo mkononi, akabishana na maprofesa kuhusu umri wa mawe, mwisho akawa profesa na yeye akabishiwa na vijana. Sisi walimu wenzake tulimtania sana. Uhuru ulipokuja, alinunua nyundo yake, akasema sasa milima ya Uvira itasomwa na wenyewe.

Kisha ukaja uasi. Siku moja mimi na yeye tulikuwa tunarudi kutoka Mutarule, tukasimamishwa na waasi barabarani. Walikuwa karibu kutuachilia pale mama mmoja muuza mihogo, aliyemfahamu mwenzangu, alipopaza sauti kwa furaha: “Mujerumani! Jambo, Mujerumani!” Bunduki zote zikainuka. Siku zile, kwa waasi, mzungu aliyejificha alikuwa mamluki wa serikali tu.

“Mujerumani iko wapi?” komanda wao akauliza.

“Njo minye,” rafiki yangu akajibu, akijigusa kifua. “Banafunzi njo baliniita vile. Nabafundishaka maisha ya Mujerumani moya, fundi wa mawe.”

“Na ule fundi iko wapi?”

“Alishakufa, komanda. Zamani.”

“Nani alimuua?”

“Hakuna muntu. Alizeeka tu, akafia mu kitanda yake.”

Komanda alikuwa kijana mwenye macho mekundu. Nadhani mwaka ule alikuwa hajasikia kifo cha namna hiyo. Mwishowe akashusha bunduki.

“Mupite. Na weye, mwalimu, ufe vile.”

Tangu siku ile, kila vita vilipopita Uvira niliulizia kwanza habari zake, roho mkononi. Tumebadilisha bendera, tumebadilisha jina la nchi, na marehemu wetu tunawasifu kwa vyeo. Mimi siku hizi namsifu mtu aliyefanya kazi yake mpaka akachoka, akastaafu, akazeeka kati ya watu wake. Amri nyingi zimetolewa kwa bunduki kando ya ziwa hili. Ile moja ya komanda yule rafiki yangu ameitii, na hakuwa na haraka.