Siku Mbili Baada ya Kliniki

Gwladys Prosser alikuwa jirani yangu, ukuta mmoja tu kati yetu, katika mji wetu wa machimbo ya makaa ya mawe kule Wales. Mwaka 1934 alikuwa na watoto watatu, mimba ya miezi saba, na mume, Idris, aliyeachishwa kazi mgodini. Nyama ikipatikana aliwapakulia wao, akidai ameshiba.

Miguu yake ilipovimba hata viatu havimwingii, nilimkokota Jumanne hadi kliniki ya wajawazito, nyuma ya kanisa. Nesi Howell aliuchemsha mkojo wake kwenye kichupa. Ukaganda mweupe kama ute wa yai lililochemshwa.

"Kichwa kinauma?"

"Nani mwenye watoto watatu haumwi kichwa, Nesi?"

"Sikutanii, Gwladys. Hii ni dalili ya kifafa cha mimba. Nenda hospitali leo hii, ukalazwe."

"Na wanangu atawapikia nani? Wewe?"

Gwladys akarudi nyumbani. Mama mkwe wake, Bibi Marged, alicheka sana. "Mimi nimezaa tisa, hakuna aliyenichungulia mkojo!"

"Na ulizika wangapi, mama?" Gwladys akamuuliza.

Bibi Marged akageukia jiko.

Alhamisi asubuhi Gwladys aliniita kutoka uani: haoni vizuri. Nilipofika alikuwa chini kando ya beseni la nguo, mwili mzima ukikakamaa na kutikisika, damu ikimtoka ulimini. Idris alitoka mbio kumwita daktari. Bibi Marged alipiga magoti kwenye maji yaliyomwagika, akamlaza ubavu.

"Usiniache, mwanangu," alikuwa akisema. "Wanao ninao mimi. Wewe nenda, ukatibiwe."

Huko hospitali alijifungua mtoto wa kike, aliyeishi saa mbili tu. Idris alimpeleka makaburini peke yake, kisanduku kikiwa kwapani, kwa kuwa Gwladys alikuwa bado hajitambui.

Gwladys alirudi baada ya wiki tano. Aliomba aonyeshwe kaburi la mtoto. Tulikwenda watatu kwenye mvua. Idris akasita baina ya vijilima viwili vya udongo visivyo na alama, hana hakika.

"Ningekwenda ile Jumanne," Gwladys aliniuliza, "angekuwepo?"

Nilimshika mkono.

Daktari alimkataza kuzaa tena, na macho yake hayakupona sawasawa. Bibi Marged alihamia kwao moja kwa moja. Kila mlo alimpakulia Gwladys kwanza, akasimama palepale mpaka sahani iwe tupu.