Bibi Aliyesubiri Shikamoo

Wiki iliyopita, nilipokuwa kwenye steshenari moja ya Temeke, mama mmoja mwenye mvi alikuwa anachapishiwa karatasi ya maneno ya adabu ya Kiswidi, aliyotumiwa na mwanawe anayeishi Sweden. Aliipitia kwa kidole, mstari kwa mstari.

"Mbona shikamoo siioni?" akamuuliza dada wa kaunta.

"Haimo, mama. Mwanao kaandika hapa kwamba kule mkubwa na mdogo wote wanaambiana 'hej', basi. Ndiyo heshima yao."

Mama akailaza karatasi mezani, akaipapasa kwa kiganja kana kwamba ina mikunjo.

"Mjukuu wangu ana miaka saba," akasema. "Kila akipewa simu anasema hilohilo, 'hej'. Mie nanyamaza, nasubiri aniamkie. Siku hizi akiniona tu kwenye simu anakimbia. Kamwambia baba yake, bibi hanipendi."

Mama akatoa simu yake.

Akapiga simu ya video palepale. Mwanawe akapokea, akamvuta mtoto karibu. Kasauti ka woga kakasema, "Hej, farmor." Farmor ni bibi mzaa baba, lilikuwemo kwenye karatasi.

"Hej," akasema mama. Kisha, taratibu, akiwa ameinamisha kichwa, "Marahaba, mjukuu wangu."

Mie najihesabu mtu mwenye adabu zake. Mtaani kwangu kuna watoto nimewanunia mwaka mzima kwa sababu hawaniamkii. Mpaka leo sijui hata mmoja wao anaitwa nani.