Finjani Saba za Askari

Kahawa ya hiliki ikinukia, mpaka leo huacha ninalolifanya. Wenzangu husogelea birika. Mimi hutazama mlango.

Nilikuwa na miaka tisa, hatujatimiza mwaka tangu tutoke Unguja kuja Matrah, Omani. Baba hatukuja naye. Kule alipigiwa hodi mchana kweupe, akafuatana na waliompigia, asionekane tena. Basi mimi hodi niliiogopa kuliko nyoka.

Mama alikuwa mwalimu, na kusomesha hakuweza kuacha. Siku moja baada ya alasiri majirani wawili wa kike walikuja na kofia zao za kushona, ubao ukatolewa chini ya mkeka, Kiingereza kikaanza. Ilikuwa siri, kwani siku zile kukusanyika kusomeshana kulitiliwa shaka. "A", alieleza mama akionesha bakuli, ni tende yoyote humu. "The" ni ile uliyokwisha kuiuma, sote tunaijua. Kukataa ndiko kulikowatesa, maana wao walizoea kupandisha nyusi tu kusema hapana.

"Mzungu haoni nyusi," mama akacheka. "Lazima umtilie 'not' yake. Kama finjani: usipoitikisa kusema basi, utamiminiwa mpaka upasuke."

Ndipo hodi ikapigwa. Askari!

Majirani wakakimbilia chumba cha ndani. Mama akausukuma ubao chini ya mkeka, akajifunika mpaka vidole vyake vya chaki.

"Mwanangu, mmiminie mgeni kahawa," alisema, na sauti haikuwa yake.

Askari akaketi juu ya ubao hasa. Nikamimina. Akanywa, akanyoosha finjani bila kuitikisa. Nikamimina tena. Kahawa ikamwagikia magoti yake, akaifuta kwa kiganja. Nje wenzake walikuwa wakipekua nyumba baada ya nyumba. Mmoja akachungulia kwetu. Huyu aliyeketi akamwambia kwa Kiarabu kwamba hapa yupo yeye, anakunywa kahawa. Nikajua anawangoja wamalize, wamchukue mama. Nitabaki na nani?

Finjani ya saba, vishindo vya viatu vyao vikapotelea mwisho wa kichochoro. Hapo ndipo alipoitikisa, akashukuru, akatoka.

Nilikwisha kuwa na watoto wangu siku niliyomtaja askari yule mbele ya mama nikimlaani. Mama akanikata kauli.

"Unamlaani wa nini? Mtu akalie ubao vile asiuhisi? Siku ile mtaa mzima ulipekuliwa, isipokuwa kwetu."

Na mimi, kila nilipommiminia, nilikuwa nikimwomba Mungu amwondoe.