Sauti ya Mke Wangu Kwenye Matete

Kama unataka kucheka, cheka sasa tumalize. Nikishaanza sitaki kukatizwa, maana jambo hili lilinipata mimi mwenyewe, sijaonja pombe, na jua lilikuwa bado halijazama. Sikusimuliwa na mtu. Binti yangu anasema ni upweke tu. Sawa, upweke ninao, sikatai. Lakini upweke tangu lini ukamlowanisha mtu suruali hadi mapajani?

Mimi ni mtu wa Kabiria, hapa Nairobi. Nilifanya kazi ya ofisi mjini hadi nikastaafu, na mke wangu, Mama Wambui, alikuwa msusi pale Kenyatta Market. Watu wa rika letu Jumapili wakitoka kanisani huenda kwenye vikao vya chama au hulala. Sisi tulikuwa tunaenda kuangalia ndege. Usinitazame hivyo. Yeye ndiye aliyeanza, mteja wake mmoja alipompa darubini kuukuu, na mimi nikamfuata kama nilivyomfuata kwa mambo mengi.

Mahali petu palikuwa vidimbwi fulani vya kutengenezwa, nje kidogo, upande wa Ngong Road. Maji machafu ya mtaa mmoja wa wenye nazo hupitishwa humo, kidimbwi hadi kidimbwi, matete yanayasafisha, na yakitoka kule mwisho hata hayanuki. Watu walichimba, wakapanda matete, ndege wakaja wenyewe bila kualikwa. Kuna mmoja mweusi pale, mdogo kuliko kuku, mdomo wa manjano, miguu myekundu. Tulimwita Mpangaji, kwa sababu unamsikia humo ndani lakini hatoki, kama mtu anayemkwepa landilodi. Na hawaimbi mmoja mmoja hao. Dume anaanza, jike anadakia, mpaka hujui sauti ni ya nani.

Sasa, sisi watu wa ndege tuna ujanja wetu. Ukitaka anayejificha atoke, unamchezea kwenye simu sauti ya ndege wa aina yake. Anadhani mwenzake amekuja, anatoka mbio, nawe unamwona vizuri. Wengine husema hiyo ni kumdanganya kiumbe wa Mungu. Mimi niliona ni mchezo tu. Nilikuwa na sauti niliyoirekodi palepale mke wangu akiwa hai: Mpangaji na mkewe wanaimba, eropleni ndogo ya kutoka uwanja wa Wilson inapita juu, na mlio wake haujaisha Mama Wambui ananinong'oneza, "Baba Wambui, umemwona?" na kukohoa kidogo. Basi, inaishia hapo.

Mke wangu aliugua, akanitoka. Simu yake iliibiwa tukiwa kwenye shughuli za mazishi, na yeye hakuwa mtu wa kujirekodi. Kwa hivyo huo mnong'ono ndio sauti yake yote niliyobaki nayo duniani. Nilikuwa naisikiliza kitandani kila nikitaka kulala. Nikikosa, usingizi hauji.

Nilikaa muda mrefu bila kurudi vidimbwini. Nilipojikaza nikaenda, soja wa pale getini alinipokea kwa furaha. Ni mtu wa kutoka magharibi mwa Kenya, mcheshi, alizoea kututania kwamba tunatazama kitoweo bila kukila. Akaniuliza, "Mzee, leo Mama umemwacha nyumbani?" Nikasema ndiyo. Ungesema nini? Mtu anacheka, amefurahi kukuona, uanze kumwambia habari za makaburi?

Nikaenda kukaa kwenye benchi letu, kwenye upande wangu, upande wake nikauacha wazi. Jua lilikuwa linaelekea vilima vya Ngong, na hakukuwa na mtu mwingine. Matete kimya. Ndege wengine niliwaona, lakini ukimwona ndege na huna wa kumgusa mkono umwonyeshe, ni kama hujamwona. Nikasema wacha nimwite Mpangaji. Nikatoa simu, nikaongeza sauti, nikacheza ile rekodi kuelekea matete.

Hakuna aliyejibu. Nikacheza tena. Na nikacheza tena na tena, na haki ya Mungu, wakati huo sikuwa namchezea ndege. Nilikuwa nataka tu ile sauti isikike mahali pale ilipozaliwa.

Nikaizima. Ndipo ikatoka ndani ya matete.

"Baba Wambui, umemwona?"

Unadhani niliogopa? Ningeogopa ningekuwa na akili. Nilifurahi jamani, nilifurahi hadi machozi yakanitoka. Nikajibu kama ambavyo ningejibu siku zote. Nikasema, "Sijamwona, Mama. Uko wapi?" Matete yakatikisika, nikamwona. Amenipa mgongo, kitambaa chake cha kichwa, ile sweta ya kijani ambayo mimi mwenyewe niliiweka ndani ya jeneza. Alikuwa amesimama ndani ya maji. Nikaingia na viatu vyangu.

Nilipokaribia akasogea ndani zaidi. "Baba Wambui, umemwona?" Na kikohozi. Nikamwambia asimame, ninakuja, matope yananishika. Akasogea. "Baba Wambui, umemwona?" Na kikohozi, palepale, vilevile. Maji yalikuwa yamefika mapajani. Ndipo nikasikia kitu kingine nyuma ya sauti yake. Eropleni. Nikatazama juu, mbingu nyeupe tupu, hakuna kitu kinachoruka. Akaniita tena, na eropleni ikapita tena, ndani ya matete, mbele yangu, usawa wa kifua.

Naomba uniamini hapo. Mke wangu niliishi naye umri mzima, hakuna siku alisema neno moja mara mbili kwa namna ileile. Ukimchelewesha kujibu, alikuwa anabadilisha, anakutania, anakufinya. Hiki kilichokuwa kinaniita kilikuwa kinanichezea rekodi. Kilikuwa kinanifanyia ujanja wangu mimi mwenyewe, na mimi ndiye niliyekuwa ndege.

Nilijua, na bado miguu haikutaka kurudi. Hilo ndilo linalonitisha hadi leo. Yule aliyenipa mgongo akaanza kugeuka polepole, na nilitaka kuona, nilitaka sana.

Soja ndiye aliyenivuta. Alinikamata kola kwa nyuma, akaniburuta hadi kwenye nyasi, akinigombeza kwamba pale katikati pana kina kirefu, kwani sikuona kibao? Halafu akanyanyuka, akaangaza macho huku na huku. "Na Mama yuko wapi?" akaniuliza. "Nilimsikia akikuita, nikajua mmepotezana."

Nikamwambia ukweli: Mama yuko Lang'ata, makaburini. Akanitazama, akatazama matete, akavua kofia. Hakunitania tena siku hiyo. Alinisindikiza hadi barabarani, akasubiri hadi nikaondoka.

Nyumbani, hata nguo sijabadilisha, nikafungua rekodi. Ndege wakaimba, wote wawili. Eropleni ikapita. Halafu kimya. Mahali pa maneno yake pana upepo tu, na rekodi inaishia hapo. Nikairudia usiku kucha. Wambui anasema simu iliingia maji. Sikumbuki kuizamisha, lakini hata kama iliingia, maji gani hayo yanayochagua? Yamwache ndege, yaiache eropleni, yachukue mama yake peke yake?

Yule soja hunipigia simu mara kwa mara. Ananiambia jioni nyingine, jua likizama, anamsikia akiniita. Ananiambia, mzee, usije.

Na wewe unayenisikiliza, kama una sauti ya mtu wako aliyekwenda, isikilize ndani ya nyumba, mlango ukiwa umefungwa. Usiitoe nje ukaielekeze mahali usipoona mwisho wake. Hujui ni nani mwingine anasikiliza, wala hujui kama atakurudishia.

Siku hizi Wambui huja kukaa nami kila Jumapili. Mchana tunapika, tunazungumza vizuri tu. Ikikaribia jioni anafunga mlango na kuweka ufunguo mfukoni mwake. Kila Jumapili, jua likianza kushuka, namwomba anifungulie nikanunue maziwa. Maziwa yako kwenye friji. Yeye anajua, na mimi najua.