Mstari wa Pili wa Barua ya Bi Mwanaheri

Usiku ule nililala na ufunguo wa sanduku nimeufunga kwenye pindo la kanga, tena mafundo mawili, maana sikuwa namwamini mtu. Ilikuwa Alhamisi. Jumamosi walikuwa wanakuja watu wa makumbusho kuzichukua barua na hati za ukoo wetu, wazipige picha, wazitie kwenye maboksi yasiyoingia wadudu, wazihifadhi huko kwao. Nyumba ya Bwana Shee ina jina hapa Pangani tangu kabla ya Mjerumani, na karibu kila kilichoandikwa na watu wake kimo katika sanduku lile. Watu wa makumbusho wangeandika orodha ya kilichomo, na orodha hiyo ndiyo ingekuwa ukoo. Asiyekuwemo angebaki na maneno ya barazani tu.

Aliyekuwa na hofu ya kutokuwemo ni Nassor. Tunaitana binamu, ingawa nyumbani tulikuwa tukilitamka neno hilo kwa adabu zaidi kuliko kwa imani. Mama wa babu yake, Bi Mwanaheri, alikuwa mjakazi katika nyumba ile, na sisi tulikua tukiambiwa kwamba alikuwa mpishi, basi, na kwamba mtoto wake alipatikana huko huko uwani kwa baba asiyejulikana. Nassor alikuwa na habari nyingine. Alisema marehemu babu yangu Khatibu, aliyelitunza sanduku kwa miaka mingi, alimwambia kwamba chini kabisa mna barua za Bi Mwanaheri zimefungwa kwa uzi wa buluu, na kwamba anayezisoma hatauliza tena mtoto ni wa nani.

Nilipolisafisha sanduku sikuuona uzi wa buluu. Nikakumbuka kwamba asubuhi moja nilimwacha Nassor peke yake chumbani nilipotoka kununua samaki mlangoni. Nikapiga hesabu zangu: amezisoma, amekuta humo si alivyotarajia, kaziondoa aibu isionekane. Jumapili iliyopita, mbele ya jamaa wote, nilimwambia arudishe alichochukua. Nassor akaweka kikombe chini.

"Dada Rehema," akasema, "hivi mimi niibe cheti changu mwenyewe cha kuzaliwa?"

Akaondoka, kahawa hajaimaliza. Mimi nikaona majibu mazuri namna ile huwa yametayarishwa mapema.

Basi usiku ule nikamwona Babu Khatibu amekaa juu ya sanduku. Hilo peke yake lilinitia wasiwasi. Babu, enzi za uhai wake, hakuruhusu hata kikombe kiwekwe juu ya sanduku lile, seuze mtu kulikalia. Halafu hakunitania. Babu alikuwa akiniita mke wangu, akidai mahari ameshalipa kwa kashata, nami nikimjibu kwamba sitaki mume asiye na meno. Huyu alinitazama tu. Nikajiambia, Rehema, usikubali haraka, anaweza kuja yeyote kwa sura ya babu yako.

Nikamjaribu. "Majani ya mwarobaini tunayaweka wapi?"

"Kila baada ya barua tano," akasema. "Na hukuyabadilisha tangu Ramadhani."

Kweli, sikuyabadilisha, na jambo hilo sikumwambia mtu. Nikazidi kumshuku.

Ananyoosha mkono, na ufunguo umo kiganjani mwake. Napapasa pindo la kanga. Mafundo mawili yapo, yamekaza vilevile, na ndani hamna kitu. Nataka kupiga kelele za mwizi lakini jua la alasiri limejaa chumbani, vumbi linaelea polepole, na Nassor amesimama pale dirishani katupa mgongo, anasoma. Sijui aliingia saa ngapi. Mlango nimeuegemea mimi.

"Mpekue," Babu anasema.

Sitadanganya, nilifurahi. Nikamwendea Nassor nikaingiza mkono katika mifuko ya kanzu yake bila hata kumsalimia. Mfuko wa kulia una tasbihi. Wa kushoto una miwani ambayo mguu wake mmoja umefungwa kwa uzi. Natafuta kifuani, natafuta ndani ya kofia. Nassor hageuki. Amenyanyua mikono, na anavyoinyanyua ni kama mtu aliyezoea kupekuliwa katika nyumba hii. Hapo nikaona aibu kidogo, nikaifukuza.

"Hana," nikasema. "Ameshazitoa nje."

"Basi twende zilikotolewa."

Tukatoka mlangoni pa chumba, na nje ya chumba ni ua wa msikiti. Njia ya kufika huko sikuipita. Tumesimama mbele ya kibanda cha Maalim Faki, muadhini wetu, anapoweka mikeka ya zamani na magunia ya karatasi. Kwetu karatasi yenye jina la Mwenyezi Mungu haitupwi jaani hata ikiwa imeraruka. Inakusanywa, inapelekwa kwa Maalim Faki, naye huichoma Ijumaa ya mwisho wa mwezi mahali safi, majivu akayamwaga mtoni panapopita maji mengi. Kila nyumba ina gunia lake la namna hiyo. Magunia yako mengi mle ndani, lakini Babu ananionyesha moja tu.

"Nani kafunga fundo hili?"

Nikatazama. Mimi natumia mkono wa kushoto, na mafundo yangu huenda kinyume na ya watu wengine. Mama alikuwa akilalamika kwamba nikifunga kitu hakifunguki ila kwa kisu. Fundo lile lilikuwa langu, limefungwa kwa kipande cha kanga yangu ya zamani, ile ya njano.

"Wamenichezea," nikasema. "Mtu anaweza kujifunza kufunga kama mimi."

Babu akalivuta gunia. Akafungua fundo kwa vidole, akatoa karatasi ya kaki, ngumu, ya kufungia bidhaa dukani, mwandiko wake umepinda huku na huku kwa herufi za Kiarabu. Akanipa.

"Soma."

"Bismillahi Rahmani Rahim," nikasoma. "Nimeliona hili, Babu. Kwa sababu yake ndiyo nikaitia guniani. Ningeitupa jaani?"

"Mstari wa pili."

Sikutaka. Wino umefifia, nikasema. Miwani sina, nikasema. Babu anangoja, na nyuma yangu namsikia Nassor amekuja, anapumua. Jua limekuwa kali kabisa, kila herufi inaonekana. Nikasoma.

"Kwa mume wangu Bwana Shee. Mwanao ameota meno mawili, na leo amening'ata, nikacheka hata ungenisikia huko uliko."

Hapo nikaacha kusoma. Si kwa sababu ya ajabu ya ndoto, bali kwa sababu nilikumbuka, na nilichokumbuka hakikuwa cha ndoto. Wiki mbili nyuma, nikiwa macho, mchana, nimekaa sakafuni na brashi laini, nilizitoa karatasi za kaki kutoka chini ya sanduku. Kuzizunguka palikuwa na ungaunga wa uzi uliooza, umeliwa na wadudu. Nikaona karatasi mbaya ya dukani, mwandiko wa mtu aliyejifunzia ukubwani. Nikaona Bismillahi juu. Nikazitia guniani pamoja na kurasa zilizoraruka, na gunia likaenda kwa Maalim Faki.

Lakini je, sikuusoma mstari wa pili? Mimi ninayejivunia kwamba nasoma hati ambazo vijana hawazijui, nilisoma wa kwanza jicho likasimama hapo? Nilijiuliza pale pale ndotoni, nikiishika barua. Labda niliusoma. Labda niliona "mume wangu" na mkono ukaamua kabla yangu.

"Umeniletea hii unihukumu," nikamwambia Babu. Nililia, tena kwa hasira. "Ulijua siku zote. Mbona hukusema barazani watu wakakusikia?"

Babu akainamisha kichwa. Nilimwona mzee kuliko siku aliyokufa.

"Niliogopa ndugu zangu," akasema. "Nilimnong'oneza mtoto wa watu, nikamwachia mzigo. Faki anachoma baada ya sala ya alfajiri. Mwambie Nassor."

Nikageuka nimwambie. Nassor hakuwepo, wala ua, wala jua.

Niliamka na adhana ya alfajiri inaanza. Ufunguo ulikuwa palepale kwenye pindo la kanga. Nikakaa kitandani nikijaribu kuishuku ndoto, kwa kuwa kushuku ndiyo kazi niliyoizoea. Nikasema pengine ni dhamiri tu, pengine Bi Mwanaheri hakuwahi kuandika habari za meno. Sawa. Lakini karatasi za kaki nilizitia guniani mimi, nikiwa macho yangu mawili, na leo ndiyo Ijumaa ya mwisho wa mwezi.

Kutoka kwangu hadi msikitini ni dakika tano. Nilivaa, nikafika mlangoni, nikasimama. Kisha nikachukua simu nikampigia Nassor. Ililia sana kabla hajapokea.

"Dada Rehema? Kuna msiba?"

"Barua za bibi yako ziko kwa Maalim Faki, ndani ya gunia," nikamwambia. "Nimezipeleka mimi."

Nikasikia akiinuka, akitafuta viatu.

"Sasa si uzichukue," akasema. "Wewe ndiye uko karibu."

"Hapana. Njoo ulifungue wewe, mimi nitasimama mlangoni nimzuie Faki. Njoo mbio, Nassor. Usiniachie barua hizo peke yangu, mkono wangu siuamini."