Uzito wa Akina Mama wa Kasugho

Habari ya kifo chake ilinifikia Beni, nikiwa nafundisha. Mkunga wa zamani wa Butembo, ambaye uzeeni alifanya kazi ya kuhoji watu katika tafiti, alikuwa ameondoka, na mazishi yalikuwa yamekwisha. Wasomaji wangu mnanijua: nilisoma ng'ambo kwa jasho langu, bila mjomba serikalini, nikarudi na diploma ya takwimu ambayo hapa kwetu wachache wanayo. Basi niaminini nikisema kwamba mama huyu, asiyemaliza sekondari, aliwahi kunisahihisha.

Tulikuwa tukichunguza kwa nini akina mama huzalia nyumbani. Jibu lingeamua kama nyumba ndogo ya uzazi karibu na Kasugho ingebaki wazi au ingefungwa. Wakaaji wa msituni, upande wa Kasugho, ni wachache, hivyo tuliwahoji wengi wao kwa makusudi. Wa Butembo tuliwahoji wachache, kila mmoja akisimama mahali pa wenzake wengi. Nilivyofundishwa ni kumrudishia kila mmoja uzito wake, yaani kumhesabu kwa idadi ya watu anaowasimamia, kabla ya kupiga hesabu. Nikafanya hivyo, na umbali wa njia ukaonekana si kitu. Bila uzito, umbali ulikuwa sababu kubwa kuliko zote. Nikaishika hesabu yenye uzito, nikaandika juu ya nyumba ile, kwa kuwa ukaribu wake haukuonekana kusaidia: ifungwe. Mama yule alipoleta fomu za mwisho kutoka msituni kwa miguu, viatu vimejaa matope, nilimweleza yote.

"Mutoto wangu, ile uzito ni ya kujua bamama ngapi banazalia ku nyumba?"

"Ndiyo, mama."

"Iko muzuri. Lakini wewe unatafuta sababu. Mama wa Butembo anapanda pikipiki, anafika. Atakuambia nini juu ya njia ya Kasugho?"

"Mama, ni kanuni ya masomo."

"Basi hiyo masomo ikuje itembee na mimba."

Nilinuna mchana kutwa. Kisha nikatenganisha mji na msitu. Mjini umbali haukubadili lolote. Msituni ndio ulioamua karibu kila kitu. Nilikuwa nimewafunga wote katika hesabu moja, na uzito wa mji ukawameza wa msituni. Nikalifuta lile neno "ifungwe". Nyumba ile ingali wazi. Ripoti ina jina langu peke yake, na hilo diploma yangu haiwezi kulirekebisha tena.

Kwa hiyo nawaambia vijana wa kazi hii: ukitaka kujua ni watu wangapi, uzito ni lazima. Ukitafuta sababu, piga hesabu zote mbili. Zikigombana, usikimbilie ile uliyofundishwa kuipenda. Huenda kuna watu uliowachanganya. Mwulize aliyefika kwao kwa miguu, kisha liandike jina lake kabla ya lako, akiwa angali hai aweze kulisoma.