Maharagwe ya Kabatini

Aliyenifundisha baiolojia hapa Garissa alikuwa mwalimu kutoka bara, mrefu, mwenye sauti ya kujaza ukumbi. Siku moja nilimwuliza mbona mkwaju wa shuleni huanza kukunja majani kabla jua halijazama. Je, mti unajua saa?

"Mti haujui kitu. Unafuata jua tu," alisema, kisha akaligeukia darasa. "Hawa wamelelewa na mbuzi. Wanadhani kila kitu kina akili."

Walicheka wote, hata wasichana wa mtaa wa Galbet ambao kwao kulijaa mbuzi kama kwetu. Niliketi uso ukiniwaka, nikaapa kwamba atanilipa.

Chuo kikuu nilisomea mimea. Wenzangu walipochoka na maabara, mimi nilimkumbuka yule mtu, nikaendelea.

Mwaka jana niliombwa kuendesha semina ya walimu wa sayansi mjini kwetu. Nilijua yule mwalimu wangu atakuja, sasa ni mwalimu mkuu. Siku chache kabla, nilifungia miche ya maharagwe kwenye kabati lisilopenyeza mwanga.

Asubuhi ya semina nilimwita mbele, kwa heshima zote.

"Mwalimu, tusaidie. Maharagwe hulaza majani usiku. Haya hayajaona jua tangu niyafungie. Unadhani yamelala au yameamka?"

"Yamelala, bila shaka. Yataamshwa na nini?"

"Fungua, tafadhali."

Alifungua. Majani yalikuwa yamenyanyuka, yametandazwa kusubiri jua ambalo halikuwapo. Ukumbi ulinguruma.

"Sasa waeleze walimu kwa nini," nilisema.

Alisimama na mlango wa kabati mkononi. Jasho lilimtiririka shingoni. Ningeweza kumwokoa mapema. Sikumwokoa. Nilinywa maji polepole, nikameza, ndipo nikaeleza: ndani ya kila seli mna jeni zinazowaka na kuzimana kwa zamu. Zinazowaka alfajiri hutengeneza protini zinazozizuia zile za jioni. Protini hizo zikiisha, za jioni huwaka, nazo huzizuia za asubuhi. Ndiyo maana mmea hutayarisha vyombo vya kunasa mwanga kabla hakujapambazuka. Jua huirekebisha saa hiyo tu, haliiundi.

"Kumbe mti unajua saa, Mwalimu," nilimalizia, nikimtazama yeye peke yake.

Rafiki yangu wa tangu shule, aliyekuwa kando ya mlango, alinijia akaniminya mkono, akaniita dada kwa Kisomali. "Wallahi, abaayo, uso yake imekauka!"

Wakati wa chai mwalimu alinifuata. "Wewe ndiye yule msichana wa mkwaju?"

"Ndimi."

Aliinamisha kichwa. "Nilikukosea, binti yangu. Nisamehe."

Watu walikuwa wakitupita na vikombe vyao. Nilimwambia chai itapoa, nikaenda kuketi na wengine. Tangu hapo hunipigia simu kila Idi, Mkristo yule, kunitakia heri. Mimi humjibu salamu. Lile ombi lake la msamaha sijaligusa, na raha ya kutolijibu bado ninaisikia.